Sura ya Tano: Ritani Mbili za Fundi wa Majokofu

Ritani ya kwanza ya kodi ilisema familia iliingia nchini tarehe tisa Agosti. Ya pili ilisema tarehe ishirini Februari. Jina moja, namba moja ya mlipakodi, anwani moja, na sahihi mbili zilizojitahidi kufanana. Zote zilikuwa mezani kwa Mkuu wa kitengo, naye alikuwa ameziwekea kiganja juu kama mtu anayeogopa zisije zikapeperuka.

"Zisome," alisema.

"Nilizisoma jana," alijibu Chekeche.

Jina hilo alibandikwa na wenzake mwaka wake wa kwanza ofisini, kwa sababu kila faili lililopita mikononi mwake lilibakiza makapi. Jina la kwenye kitambulisho lilikuwa refu, na hakuna aliyelitumia ila mhasibu wa mishahara. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na viatu visivyo na kisigino, maana upelelezi wa kodi, asikudanganye mtu, ni kazi ya miguu. Bunduki hakuna. Kufukuzana na magari hakuna. Kuna ngazi, kuna milango, na kuna watu wanaosema baba yuko bafuni.

"Basi unajua," Mkuu alisema. "Fundi wa majokofu, kaajiriwa kiwanda cha maziwa. Ana mke, watoto wawili na baba yake mzazi. Wageni, hawajatimiza mwaka. Tarehe thelathini Machi katuma ritani kwa kompyuta: mwaka jana walikaa hapa siku mia na arobaini na tano. Hazifiki mia na themanini na tatu, kwa hiyo si wakaazi, tunawatoza kwa walichokipata hapa tu. Safi. Lakini siku mbili kabla ya hapo ilishafika hii nyingine, ya karatasi, kwa posta. Siku mia tatu na kumi na tano. Mkaazi kamili, na anaomba nafuu ya wategemezi wanne. Unauona mchezo? Katupa nyavu mbili aone upi utanasa."

"Mkaazi anataja na mapato ya kule alikotoka," Chekeche alisema. "Na hii ya karatasi imeyataja. Imetaja mpaka nyumba waliyouza kabla ya kuhama. Mwizi gani huyo anayejichongea?"

"Mwizi mjinga. Wapo." Mkuu alifungua droo, akatoa bahasha iliyofungwa. "Barua ya wito hii. Imfikie leo kabla ya saa kumi alasiri. Saa kumi uhamiaji wanafunga orodha ya wanaoongezewa hati ya ukaazi. Mwenye tamko la uongo kwenye rekodi haongezewi. Yeye na watu wake watafungasha."

"Na marekebisho ya hiari?"

Mkuu alishusha pumzi. Alikuwa mtu wa haki, ila hakupenda kukumbushwa. "Kifungu unakijua kuliko mimi. Aliyeandika kosa akijitokeza mwenyewe kabla hajaulizwa, ni kosa la kalamu, linasahihishwa na mambo yanaisha. Akishaulizwa, kwa barua au kwa mdomo, ni tamko la uongo. Hakuna katikati."

"Kwa hiyo nisipouliza bado ana nafasi."

"Usipouliza utakuwa mpelelezi wa kwanza kulipwa mshahara kwa kunyamaza. Saa kumi, Chekeche. Ikifika hajajitokeza mtu, unatoa barua."

Kwenye korido aliitazama tena ile ritani ya karatasi. Siku hizi karatasi hujazwa na watu wawili katika mia, na hao wawili huijaza ovyo, wameegemea ukuta wa posta. Huyu alikuwa na meza na alikuwa na muda. Kila kisanduku kilichobaki wazi kilikuwa kimepigwa mstari wa mshazari, kutoka kona hadi kona, mtu asije akaongeza kitu baadaye. Mahali alipokosea tarakimu hakufuta, alikata kwa mstari mmoja na kuandika sahihi juu yake. Kurasa zote tatu zilikuwa zimeshonwa pembeni kwa uzi mweupe, fundo likafichwa nyuma. Chekeche aliirudisha kwenye mkoba pamoja na bahasha, akateremka ngazi.

*

Nyumba ilikuwa ya ghorofa tatu, katika mtaa wa maduka ya vipuri. Mwenye nyumba mwenyewe alikaa ghorofa ya chini, akiuza maji baridi na barafu kupitia dirishani. Alikuwa mama mpana, na kiti chake kilikuwa kimewekwa mahali ambapo hakuna mtu angeingia wala kutoka asimwone.

"Ofisi gani?" aliuliza kabla ya salamu kwisha.

"Ya kodi, mama."

"Ya majengo au ya mapato?"

"Ya mapato. Wala si yako. Nimekuja kwa habari za ghorofa ya pili."

Mama mwenye nyumba alilegea mabega. "Si ungesema. Vuta hicho kiti ukae."

"Waliingia lini wale?"

"Tangu Februari nyumba ni yao."

"Nyumba kuwa yao ni jambo moja. Mimi naulizia watu."

"Watu walikuwamo. Umeme ulikuwa unakwenda kila mwezi, risiti ninazo. Kwani hewa inatumia umeme?"

Haya. Kama ni hivyo, Mkuu alikuwa sahihi, na safari ilikuwa imefika mwisho. Chekeche aliomba kuziona risiti. Zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, zimekunjwa vizuri, na alizipanga juu ya goti kwa mfuatano wa miezi. Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai: kiasi kilekile, tofauti ni ya kupepesa macho. Agosti kiasi kiliruka mara tatu, na tangu hapo kikawa kinapanda na kushuka kama cha watu wote wanaoishi.

Hakuna familia inayotumia umeme sawasawa miezi mitano. Kuna siku watu wanapiga pasi, kuna siku wanaumwa na kulala mapema. Kinachotumia kiasi kilekile mchana na usiku ni mashine. Chekeche alitazama ukuta wa nje, karibu na dirisha la kuuzia barafu. Vibanio vya waya vilipanda wima mpaka dirisha la ghorofa ya pili, vikaishia hapo, na waya wenyewe haukuwapo.

"Friza ni nzuri hii," alisema. "Umeinunua mwezi wa tatu mwaka jana."

Mama mwenye nyumba aligeuka kuitazama friza nyuma yake. "Nani kakwambia?"

"Mita."

"Nyumba ilikuwa tupu," mama alisema. Alikuwa ameona haya kweli, hakujitia hamnazo. "Mwenyewe yuko kwao, umeme umelala tu pale juu. Nikasema niazime kidogo. Nitamrudishia."

"Mrudishie, ndiyo. Lakini mimi nilichokuwa natafuta nimekipata. Kwa hiyo mtu hakuwamo."

"Hakuwamo. Februari alikuja yule kijana peke yake, kufanyiwa usaili kiwandani. Alinipigia simu tarehe kumi na nane, aliposhuka tu kwenye basi, akalala gesti siku mbili. Tarehe ishirini tukaandikiana, nikampa ufunguo, jioni yake akaondoka. Alikuwa na haraka, hata bomba hakufungua kuona kama maji yanatoka. Akarudi nao wote tarehe tisa Agosti, mizigo na watoto na babu yao. Nilimbebea babu begi moja mwenyewe. Zito, limejaa vitabu vya sheria."

Chekeche alikuwa anaandika. Kalamu ilisimama. "Vitabu vya sheria?"

"Alikuwa na kazi ya serikali kwao. Usiniulize ipi. Hapa mtaani tunamwita Bwana Kaunta, kwa sababu ukimuuliza kitu anakujibu kama yuko kwenye kaunta. Anakwambia kwanza upange mstari, hata kama mko wawili."

Tarehe ishirini Februari, basi, haikuwa tarehe ya mtu kuingia. Ilikuwa tarehe ya ufunguo. Chekeche aliwahi kusoma kwamba ziko sheria za mahali pengine ambazo mtu anakuwa mkaazi tangu siku anaposhika ufunguo wa nyumba, hata kama kitanda hakijafika. Hapa hesabu ni ya miguu: siku ulizokanyaga ardhi, basi. Aliyejaza ritani ya karatasi hakudanganya. Alifuata sheria, ila aliifuata ya nchi nyingine. Mdanganyifu hafanyi hivyo, na Fundi asingefanya hivyo, maana Fundi asiyefungua hata bomba hawezi kushona karatasi kwa uzi.

Saa nane na nusu alianza kupanda ngazi.

*

Mke wa Fundi alifungua mlango akiwa bado na sare ya kazi, ya dobi wa hospitali, mikono imepauka kwa sabuni. Alipoona kitambulisho uso ulimshuka.

"Nilikusikia kutoka roshani ukitaja kodi, nimeshampigia mume wangu, yuko njiani," alisema. "Tuliletewa ujumbe juzi kutoka uhamiaji. Kwamba tumetuma matamko mawili. Sisi tunajua moja tu, dada. Tangu juzi humu ndani hakuna anayelala vizuri. Mwanangu mkubwa kaniuliza kama arudishe vitabu vya shule."

"Nimekuja kukaa kidogo," Chekeche alisema. "Sitakuuliza kitu."

Mwanamke alimtazama kwa mashaka, na hana lawama. Mtu wa kodi anayekuja kukaa tu ni wa kuogopwa zaidi.

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi. Meza moja, viti vinne visivyofanana, roshani nyembamba inayotazama barabara. Mlango wa jikoni ulikuwa umebandikwa orodha ya manunuzi: chumvi, sabuni ya unga, kiberiti, vitunguu, betri. Chini ya betri, nafasi yote iliyobaki ilikuwa imepigwa mstari wa mshazari kutoka kona hadi kona, na tarehe.

"Orodha nzuri," Chekeche alisema.

"Ya baba mkwe," mwanamke alijibu, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. "Anasema nisije nikaongeza vitu baada ya yeye kupitisha. Wiki iliyopita nilitaka kuongeza mafuta, akaniambia niandike orodha mpya."

Mwenye orodha alikuwa mezani, karibu na roshani. Alikuwa mzee mwembamba aliyevaa shati lililofungwa vifungo vyote, miwani puani, gazeti limekunjwa mara nne. Alisimama kumpokea mgeni, akampa mkono, akarudi kukaa. Hakusema zaidi ya "karibu, mwanangu". Chekeche alikaa mbele yake, akaweka mkoba kwenye magoti.

Sasa fikiria hali yake. Alijua nani, alijua lini, alijua kwa nini. Ushahidi ulikuwa umebandikwa mlangoni kwa gundi. Siku nyingine yoyote angetoa ritani, akaiweka mezani, akauliza swali moja, kazi ikaisha. Lakini swali hilo moja lingewafungashia watu watano mizigo. Kwa hiyo mpelelezi hodari kuliko wote wa kitengo alikaa kwenye kiti kibovu na kuuliza habari za mvua.

"Zimechelewa," alisema mzee.

"Zimechelewa sana," Chekeche alikubali.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Fundi aliingia na ovaroli la kiwanda, jasho shingoni, akihema kwa kupanda ngazi mbio. Alimtazama mkewe, akamtazama baba yake, kisha akamgeukia mgeni. Ilionekana wazi alikuwa ameshakata shauri njiani.

"Nisikilize, dada. Mambo ya ritani hayo ni yangu. Ile nyingine pia nili—"

"Naomba maji ya kunywa," Chekeche alisema.

"Nasema ile nyingine—"

"Ya baridi kama yapo. Kayafuate mwenyewe, tafadhali, mkeo amechoka."

Fundi alisimama mdomo wazi, kisha akaenda. Chekeche alikuwa ametoka jasho. Lau Fundi angemaliza ile sentensi, angekuwa amekiri kutuma matamko mawili kwa kujua, na kwa kosa hilo hakuna kifungu cha kumsaidia mtu. Aliporudi na bilauri, Chekeche alimwonyesha kiti.

"Kaa. Mtu ambaye hajaulizwa hana haja ya kujibu."

Mzee aliinua macho kutoka kwenye gazeti. Ilikuwa mara ya kwanza amtazame Chekeche sawasawa.

Chekeche alifungua mkoba. Bahasha aliiacha humo. Alitoa kijitabu chembamba chenye jalada la kijani, Mwongozo wa Kodi kwa Familia Zinazohamia, akakiweka katikati ya meza. "Tunawagawia wageni. Wengi hawakisomi."

Mzee alikivuta. Alikishika kama wengine wanavyoshika mkate wa moto. Alitazama kwanza nyuma, palipopigwa chapa, akatafuta mwaka, akauona. "Cha mwaka huu," alisema peke yake. Kisha akaanza ukurasa wa kwanza, kidole chini ya mstari, bila haraka yoyote, wakati saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saa tisa.

"Siku ya kuingia mnaihesabu?" aliuliza.

"Nzima."

"Na ya kutoka?"

"Nzima pia, baba."

Alifungua ukurasa mwingine. Kidole kilitembea, kikasimama, kikarudi juu. "Na ufunguo?"

"Ufunguo hatuuhesabu kabisa."

Mzee alivua miwani. Aliifuta kwa pindo la shati muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo. Pigo lilikuwa limemfika, na Chekeche alimwonea huruma, maana si jambo dogo mtu kuambiwa kwa sauti ya upole kwamba sheria aliyoishika maisha yake yote haikuvuka mpaka pamoja naye.

Alipoivaa tena miwani, alichukua kalamu akaandika pembeni mwa gazeti. Agosti ishirini na tatu. Septemba thelathini. Thelathini na moja, thelathini, thelathini na moja. "Mia na arobaini na tano," alisema, akamgeukia mwanawe. "Wewe uliandika ngapi?"

"Hizo hizo, baba."

"Umekosea. Kumi na nane, kumi na tisa na ishirini Februari ulikuwa huku. Mia na arobaini na nane."

"Zile nilikuja kwenye usaili tu. Sikuwa nimehamia."

"Kitabu kinahesabu miguu. Hakikuulizi moyo wako ulikuwa wapi."

Mke wa Fundi alicheka, kisha akajifunika mdomo. Hata Chekeche aliinamisha uso. Siku tatu hazikubadilisha lolote, mia na arobaini na nane bado ni chini ya mia na themanini na tatu, lakini mzee alikuwa amekaa wima zaidi. Hata hivyo hakusema lile lililongojewa. Alifunga kijitabu.

"Kule kwetu nilikuwa kaunta namba mbili ya kodi," alimwambia Chekeche. "Miaka thelathini na minane. Hakuna fomu iliyopita kwangu ikarudishwa. Mtu akija na jambo lake, sikumuuliza. Nilikaa tu, nikamwangalia, kama unavyokaa wewe sasa. Kimya kikimshinda anasema. Akishasema, namwandika. Wengine walifungwa."

"Na mimi nimeifanya hiyo, baba. Mara nyingi."

"Na leo?"

Saa tisa na dakika ishirini na mbili. Chekeche alichagua maneno yake mojamoja, maana hapo ndipo angeweza kuharibu kila kitu. "Leo nakuomba ufungue ukurasa wa kumi na tisa."

Fundi alianza kusema kitu. Mkewe alimshika mkono.

Mzee alifungua. Alisoma kifungu cha marekebisho ya hiari mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa kidole, mara ya tatu midomo ikitembea. Alipofika kwenye "kabla hajaulizwa" alisimama hapo. Alimtazama Chekeche, akautazama mkoba uliofungwa kwenye magoti yake, akarudi kwenye ukurasa. Alikuwa anapima kama ni mtego. Angekuwa mtu mwingine angeangalia uso wa mpelelezi ili aamue. Yeye aliangalia tena mwaka wa chapa.

"Ile ya karatasi niliijaza mimi," alisema.

Fundi alisimama. "Baba, nyamaza. Huelewi, watakufunga."

"Kaa chini. Nimesoma." Sauti yake haikupanda. "Niliijaza tarehe ishirini na sita Machi, kwenye meza hii, nyinyi mkiwa kazini. Niliweka tarehe ya ufunguo kwa sababu kwetu ndiyo inayohesabiwa. Nilitia sahihi kwa jina lako. Kwetu fomu ni moja kwa nyumba nzima, na aliyesoma ndiye anayejaza. Nilipopata habari juzi kwamba ziko mbili, nilijua. Nikasema nikinyamaza hawatampata mtu wa kumwandika. Nilikosea pia hapo."

Chekeche alikwisha toa fomu ya marekebisho kabla sentensi haijaisha. Hakuificha faraja yake. "Hapa kila mtu mzima anajaza yake, baba. Jaza hii."

Alijaza. Mwandiko ulikuwa uleule, wa mshazari, wa wino wa buluu, na kila kisanduku kisichomhusu alikipiga mstari. Alipofika kwenye mstari wa mwisho, *sababu ya kosa*, kalamu ilisita.

"Andika hukujua sheria ya hapa," Chekeche alisema. "Wengi huandika hivyo. Inatosha."

"Inatosha, lakini si kweli. Pale posta kuna dirisha la kuuliza. Ningeuliza ningeambiwa." Alifikiri kidogo zaidi, kisha akaandika maneno machache na kumsukumia karatasi.

Utaratibu unataka ofisa aisome sababu kwa sauti mbele ya shahidi, ndipo apige muhuri. Chekeche aliitazama, akatamani utaratibu ungekuwa mwingine.

"'Sikumwamini mwanangu,'" alisoma.

Mke wa Fundi alitazama sakafu.

"Kila siku nilikuuliza," mzee alisema, "na kila siku uliniambia utajaza. Ikafika tarehe ishirini na sita."

"Nilijaza tarehe thelathini," Fundi alisema. Alikuwa ameumia, na hakujaribu kuficha. "Siku moja kabla ya mwisho wa kutuma. Kazini, wakati wa chakula. Nilikaa njaa nikaijaza. Nilitaka nije nikwambie imeisha, halafu nikaona utaniuliza kila mstari."

"Ningekuuliza."

"Najua, baba."

Fundi alivuta karatasi, akaweka sahihi ya shahidi chini ya yale maneno. Chekeche alipiga muhuri, akapiga picha, akaituma ofisini. Saa tisa na dakika arobaini na tatu. Ikabaki ile nyingine. Alitoa fomu ya pili ya marekebisho, akaiweka mezani.

"Hizi siku tatu za Februari nazo ziingie kabla ya saa kumi," alisema. "Zikibaki nje, ritani yako wewe ndiyo itakayokuwa na tamko lisilo sahihi, na sasa mimi nimesikia."

Mkono wa mzee ulikuwa umeshafika kwenye fomu. Kalamu ilikuwa wazi, dole gumba limekaa mahali pake, na miwani imeshuka puani tayari. Aliutazama mkono wake mwenyewe. Kisha akaiweka kalamu juu ya karatasi, akaisukuma yote kwa mwanawe, akainuka na kwenda roshani. Alisimama huko akitazama barabara, mikono nyuma.

Fundi alijaza peke yake. Alikuwa mzito wa kuandika, vidole vyake vilizoea spana. Aliandika Machi mahali pa Februari, akatukana kidogo chini ya pumzi, akakata, akaandika tena. Mkewe alitaka kumwelekeza, akajizuia. Dakika zilikwenda. Mara mbili Fundi aliinua kichwa kuelekea roshani kama mtu anayetaka kuuliza, na mara mbili akakirudisha kwenye fomu.

Saa tisa na dakika hamsini na nne Chekeche alituma picha ya pili. Simu ilitetemeka karibu mara hiyohiyo. Mkuu hakuwa mtu wa maneno mengi: *Zote zimepokelewa. Orodha haina jina lao kwenye waliozuiwa.* Chekeche alimpa mke wa Fundi simu asome mwenyewe. Mwanamke alisoma, akakaa chini, akaanza kulia bila sauti, uso ameufunika kwa mikono ile iliyopauka.

"Baba," Fundi aliita. "Nimemaliza."

"Haya," mzee alisema kutoka roshani, na hakuja kuitazama.